Protini ya mikono minne, na kwa nini nilikataa pesa za peremende za nywele

Ute wa yai mbichi una kitu kinachokamata vitamini na kukataa kuiachilia. Hiyo sentensi nimeiweka kwa video mara mbili, na mara zote mbili watu wa jimu walijaa hapo chini wakiniuliza kama nimelipwa na wauza mayai boilo. Sijalipwa. Ni vile tu video ni dakika moja na hii stori haitoshei kwa dakika moja, kwa hivyo leo naandika. Mimina chai kwanza.

Tuanze na panya. Mwaka wa 1927, huko London, mtafiti anayeitwa Margaret Boas alikuwa analisha panya ute wa yai uliokaushwa. Ngozi yao ikaharibika, manyoya yakatoka. Ute uleule ukichemshwa ukaiva, shida haiko. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua sababu. Mwaka wa 1936, Uholanzi, Fritz Kögl na Benno Tönnis wakachukua viini vya mayai vilivyokaushwa, kama kilo 250, na baada ya kazi yote hiyo wakabaki na kama miligramu moja ya kitu wakakiita biotini. Kilo 250! Mimi nikipika mayai mawili nalalamika kuosha sufuria.

Halafu kufika 1940 na 1941, Texas, Robert Eakin, Esmond Snell na Roger Williams wakafunga hesabu. Ndani ya ute kuna protini inayoshika biotini kwa uchu, na wakaipa jina linalotokana na huo uchu: avidini. Wale panya hawakuwa wamewekewa sumu. Walikuwa wananyimwa vitamini, kwa sababu avidini ilikuwa inaishika tumboni kabla mwili haujaifikia. Ukipika yai unaharibu umbo la avidini, mtego unavunjika. Kwa hivyo yai moja lina vitamini kwa kiini na mtego wa hiyo vitamini kwa ute, pengine ndiyo bakteria wakijaribu kuingia wakute hakuna chakula. Mwaka wa 1964 watafiti wa kampuni ya Merck wakapata binamu ya avidini kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces avidinii. Hiyo ndiyo streptavidini, na ndiyo nataka tukae nayo.

Kwanza nguvu yake. Wanakemia wakipima vile kitu kimoja kinashika kingine wanatumia namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mshiko ulivyo mkali. Kingamwili nyingi nzuri, zile askari wa mwili wako, ziko kwa kumi kipeo cha hasi tisa hivi. Streptavidini na biotini wako kwa hasi kumi na nne. Usiruke hiyo namba: ni tofauti ya mara laki moja. Biotini ikiingia mle ndani, inaweza kukaa siku kadhaa kabla haijatoka yenyewe. Na hakuna gundi hapo, hakuna bondi ya kudumu ya kemia. Ni umbo tu, na mivuto midogo midogo mingi iliyopangwa vizuri. Mwaka wa 1989 picha za eksirei zikaonyesha vile imejengwa: pipa la kuta nane, biotini inaingia mdomoni mwa pipa, halafu kipande kinachoning'inia kinafunga juu kama kifuniko.

Sasa kwa nini mtu wa maabara anajali? Kwa sababu biotini ni kadogo na kana mkia. Ukiushikanisha ule mkia na kitu kingine, kichwa bado kinaingia kwa pipa vizuri. Unaweza kuifunga kwa kingamwili, kwa kipande cha DNA, kwa protini iliyo juu ya seli. Halafu unaleta streptavidini ikiwa imebeba rangi inayong'aa, na popote biotini ilipo, rangi inakaa. Ni kama mzigo pale ofisi ya basi. Karani hahitaji kujua kama ndani kuna mahindi ama redio. Anafunga namba kwa begi, na kuanzia hapo anatafuta namba. Biotini ndiyo ile namba, na streptavidini ni mtu ambaye akiiona haiachi.

Lakini kuna shida, na hii shida ndiyo inanipendeza kuliko kila kitu kingine kwa hii stori.

Streptavidini si pipa moja. Ni mapipa manne yameshikana, kila moja lina mdomo wake. Mikono minne. Kama unataka tu kunasa kitu kwa sahani ya plastiki, mikono minne ni baraka. Lakini kama unataka kuangalia vile protini fulani inatembea juu ya seli iliyo hai, umeharibu. Hebu fikiria umetumwa kuhesabu abiria wa matatu na kuandika vile wanakaa. Kila abiria unayemhesabu unamshika mkono, lakini una mikono minne, kwa hivyo unamshika na wenzake watatu unawavuta karibu. Halafu unaenda kuandika ripoti: abiria wa hii njia hupenda kubanana. Si wao, ni wewe! Kwa seli ni hivyohivyo. Vipokezi vikivutwa pamoja, seli inaweza kudhani imepewa ishara, inavimeza ndani, na wewe uliyekuja kutazama ndiye umesababisha unachotazama.

Jibu la haraka ni kusema, basi tenganisha hayo mapipa manne ubaki na moja. Watu walijaribu. Mshiko ukaanguka vibaya sana. Sababu yake inaeleweka kama umewahi kuishi nyumba za ploti. Chumba chako kina kuta nne lakini ukuta mmoja ni wa jirani. Jirani akibomoa chumba chake akaondoka na ukuta wake, wewe umebaki unalala nje. Kwa streptavidini, kuna asidi amino moja kubwa, triptofani namba 120, ambayo inatoka kwa pipa moja na kwenda kufunga mdomo wa pipa la jirani. Ukiwatenganisha, kila mmoja anabaki wazi upande mmoja.

Mwaka wa 2006, Mark Howarth na Alice Ting, wakiwa MIT pale Marekani, pamoja na wenzao, wakachapisha jibu ambalo mimi naona ni la mtu aliyekaa chini akafikiria badala ya kukimbia. Hawakutenganisha chochote. Waliacha mapipa yote manne, ploti nzima ikiwa imesimama, lakini wakaua midomo mitatu. Walibadilisha asidi amino tatu tu kwa kipande, sehemu zile zinazogusa biotini, na hicho kipande kikawa hakishiki kitu. Bado kinasimama, bado kinampa jirani ukuta wake, lakini mkono wake umekufa. Ukijenga protini yenye vipande vitatu vilivyokufa na kimoja kilicho hai, unapata streptavidini ya mkono mmoja yenye nguvu ileile ya awali.

Kuijenga kwenyewe ndiko kulinifanya nicheke. Hakuna mtu anaweza kuchukua vipande vinne na vidole avipange. Kwa hivyo walitengeneza vipande ndani ya bakteria, wakavikunjua kwa kemikali kali, wakachanganya vilivyokufa vitatu kwa kila kimoja kilicho hai, halafu wakaacha vijikunje pamoja vyenyewe. Ni bahati nasibu. Fanya hesabu ya kidato cha nne: kwa mchanganyiko huo, kama vipande vinaungana bila kuchaguana, karibu asilimia 42 ya protini zitakuwa na mkono mmoja hai, kama asilimia 32 hazina hata mmoja, kama 21 zina miwili, na zilizobaki mitatu ama minne. Sasa unazichaguaje? Kila kipande kilicho hai kilikuwa kimewekewa mkia wa histidini sita, na huo mkia hupenda nikeli. Unapitisha mchanganyiko wote kwa mrija wenye nikeli. Isiyo na mkia haishiki, inapita. Yenye mkia mmoja inashika kidogo, yenye miwili inashika zaidi. Unaosha polepole ukiongeza nguvu ya kuosha, na ile ya mkono mmoja inatoka kwa zamu yake.

Mimi nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi kuliko nilivyosoma maelezo ya mtihani wowote. Kila mahali kwa mtandao tunaambiwa ongeza. Ongeza nguvu, ongeza spidi, ongeza wafuasi. Hapa mtu alichukua mojawapo ya mishiko mikali kabisa inayojulikana kwa viumbe na kazi yake kubwa ikawa kuzima robo tatu yake.

Kuna waliopita njia zingine, nitazitaja haraka. Sheldon Park na wenzake kule Buffalo, New York, walitaka kweli pipa moja linalosimama peke yake, kwa hivyo wakachanganya ramani ya streptavidini na ya binamu mwingine anayeitwa rizavidini, kutoka kwa Rhizobium etli. Huyo ni bakteria anayeishi kwa mizizi ya maharagwe, yaani githeri yako ina undugu na hii stori. Mshiko wao ni mdogo kuliko wa ile ya mikono minne, uko kwa kipeo cha hasi tisa, lakini ni kadogo na kanakaa peke yake, na kwa kazi nyingi inatosha. Halafu 2010, Howarth akiwa Oxford, kundi lake likatoa traptavidini, ambayo ndiyo jina bora kuliko yote kwa hii biashara. Walibadilisha asidi amino mbili tu na biotini ikawa inatoka polepole mara kumi zaidi. Waliijaribu na FtsK, protini ya bakteria inayokimbia juu ya DNA kama lori, ambayo ikikutana na streptavidini iliyoshika biotini inaibomoa haraka. Traptavidini iliigomea.

Na upande wa pili wa kazi ni kuweka biotini pahali unapotaka pekee. Bakteria E. coli ana kimeng'enya kinaitwa BirA, na kuna kijimkia cha asidi amino 15 ambacho BirA inakitambua. Ukikiongeza kwa protini unayoitaka, BirA inabandika biotini hapo tu, si kwa protini zingine elfu zilizo karibu. Ting na Howarth walitumia hiyo 2005 kufuata vipokezi juu ya seli za neva zilizo hai. Biotini kwa anwani moja, halafu mwaka uliofuata mkono mmoja wa kuishika. Hapo sasa unaweza kuhesabu abiria bila kuwabananisha.

Wengi mtaniuliza nimejulia wapi. Nilikuwa nasoma biokemia. Niliacha mwaka wa pili, karo ilibaki, jina langu likaondolewa kwa mfumo, na chuo sitakitaja kwa sababu hiyo stori ni ya watu wengi kuliko mimi. Makala ya 2006 nilipata toleo lake la bure na nikalisoma kwa simu iliyopasuka skrini, nikitumia bando ya usiku. Nilihitaji kama wiki mbili. Nasema hivyo ili mtu yeyote aliyeacha shule asidhani hizi vitu zimefungiwa nyuma ya geti. Zingine zimefungiwa kweli, lakini si zote.

Sasa tuje kwa peremende.

Mathe ana shida ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Yake iko chini, inafanya kazi polepole, kwa hivyo anameza tembe kila asubuhi na kila miezi michache anapimwa damu ndiyo daktari ajue kama kipimo cha dawa ni sawa. Thairoidi ikiwa chini nywele nazo hupungua, na mathe anapenda nywele zake. Mwenzake wa chama akamuuzia chupa ya peremende za biotini. Imeandikwa maikrogramu 10,000 kwa siku. Ujue tu, kiasi kinachopendekezwa Marekani kwa mtu mzima ni maikrogramu 30 kwa siku. Gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya mara 300.

Biotini yenyewe si sumu kwa kiasi hicho, mwili unaikojoa. Shida iko kwa mashine ya kupima damu. Vipimo vingi vya homoni vinatumia mshiko uleule nimekuwa nikiusifu tangu mwanzo. Kingamwili yenye biotini inashika homoni ndani ya damu yako, halafu streptavidini iliyo juu ya chembe ndogo inashika ile biotini, zingine zote zinaoshwa, na mashine inasoma kilichobaki. Kama damu imejaa biotini ya peremende, hiyo ndiyo inawahi mikono ya streptavidini. Kingamwili iliyobeba homoni inafika inakuta viti vimejaa, inaoshwa. Mashine inasema homoni ni chache. Kwa vipimo vya aina ingine, vile vya kushindania nafasi, inakuwa kinyume: mashine inasema homoni ni nyingi.

TSH mara nyingi hupimwa kwa ile aina ya kwanza. T4 kwa ile ya pili. Kwa hivyo majibu ya mathe yalirudi TSH iko chini, T4 iko juu. Kwa karatasi, hiyo ni sura ya mtu ambaye dawa yake imezidi. Daktari akataka kuipunguza. Na mathe amekaa hapo amevaa sweta mbili, amechoka, anasikia baridi, yaani dalili za mtu ambaye dawa haijamtosha. Aliyemwokoa ni dada mmoja wa maabara aliyemuuliza swali moja tu: mama, kuna kitu kingine unameza? Mathe akasema hapana, si dawa, ni peremende tu za nywele.

Aliacha peremende wiki nzima akarudi akapimwa tena, na akalipa tena. Majibu yalikuwa ya kawaida kwake, karibu na yale ya mwaka uliopita. Dawa haikupunguzwa.

Yake iliisha vizuri. Mwaka wa 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hii kitu na ikataja mgonjwa mmoja aliyefariki baada ya kipimo cha troponini kusoma chini kuliko ukweli, naye alikuwa anatumia biotini nyingi. Troponini ndiyo inatafutwa damuni wakishuku moyo umeshikwa. Mtu wa thairoidi anaweza kuambiwa aache biotini siku mbili kabla ya kupimwa, na madaktari wa thairoidi wa Marekani husema angalau hizo mbili. Mtu aliyekimbizwa usiku akishika kifua, utamwambia arudi Alhamisi? Kampuni za vipimo zimekuwa zikibadilisha, zingine zinashikanisha kingamwili na chembe kiwandani ndiyo viti visiwe wazi damu ikifika. Lakini mashine ya zamani haitupwi kwa sababu ya onyo, na wewe ukitoa mkono utolewe damu huwezi kujua ni ipi.

Mwezi uliofuata, duka moja la vipodozi likaniandikia. Elfu ishirini kwa video tatu, za peremende za biotini. Sitajifanya hizo ni pesa ndogo. Ni kodi yangu ya miezi miwili na kitu kidogo cha ndugu yangu anayeingia kidato cha tatu. Niliwajibu kwamba nitafanya, na hata nitapunguza bei, kama kwa kila video naweza kusema sentensi moja: ukienda kupimwa damu mwambie daktari unameza hizi. Wakasema hiyo sentensi itatisha wateja. Nikawaambia basi hapana. Kuna rafiki yangu alichukua hiyo kazi, na simlaumu. Kodi ni kodi. Ila nilimtumia hii stori yote kwa sauti, dakika kumi na moja, na video yake ya pili ina ile sentensi, mwisho kabisa, ameisema haraka kama matangazo ya dawa redioni. Duka halijamuambia kitu.

Kwa wale watauliza kama biotini inaotesha nywele: kama mwili wako umekosa biotini kweli, itasaidia. Wengi wetu tunaokula mayai, maini na maharagwe hatujaikosa. Na mayai yapike.

Kama una tarehe ya kliniki wiki hii na kuna chupa kama hiyo kwa meza yako, ibebe uende nayo, uwaonyeshe lebo. Usibadilishe dawa yako kwa sababu ya mimi. Wiki ijayo nataka kuandika kuhusu TurboID, kimeng'enya kingine kutoka maabara ya Ting ambacho kinabandika biotini kwa kila jirani aliye karibu, makusudi. Maswali wekeni hapo chini, nitayajibu usiku bando ikiingia. Ya mathe nitamuuliza kwanza.